Madagascar: Kamba wa mtoni anayekua taratibu, na mgeni anayezaa bila dume

Katika vijito baridi vya misitu ya nyanda za juu, mashariki na kusini-mashariki mwa Madagascar, chini ya mawe na mizizi iliyozama, anaishi mnyama ambaye bara zima la Afrika halikujaliwa kuwa naye. Ni kamba wa mtoni. Mtu wa pwani akimwona kwa mara ya kwanza humfananisha na kambakoche aliyedumaa, lakini tofauti huonekana upesi: kambakoche wa bahari yetu hana magando, ilhali huyu wa mtoni anayo mawili mapana ya mbele, ambayo huyatumia kujikinga, kurarua chakula na kumnyamazisha mtoto anayeingiza mkono shimoni bila kuuliza.

Watafiti wamekuwa wakimchunguza kamba huyu kwa karibu tangu mwanzoni mwa karne hii, na sababu si udadisi tu. Ni kitoweo na ni pesa kwa familia zinazoishi kwenye ukingo wa msitu, katika nchi ambayo watu wengi vijijini hawana mshahara wala akiba. Wakati huohuo makazi yake yanapungua, na kamba mwingine aliyetoka nje ya kisiwa anasambaa kwa kasi ambayo wanasayansi hawakuitarajia.

Fumbo la zamani

Kutokuwepo kwa kamba wa mtoni asilia katika bara la Afrika ni jambo lililowashangaza wataalamu muda mrefu. Mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley, katika kitabu chake cha mwaka 1880 kuhusu wanyama hao, alieleza jinsi walivyotapakaa duniani, na pengo la Afrika likajitokeza wazi. Kuanzia Mto Nile hadi Limpopo mna kaa wa mtoni wa kila namna, lakini kamba wa mtoni mwenye magando hakuna. Ukivuka mlango bahari wa Msumbiji, unamkuta.

Jibu limo katika historia ya ardhi yenyewe. Kamba wa Madagascar ni wa familia iitwayo Parastacidae, ambayo jamaa zake wanapatikana Australia, New Zealand, New Guinea na Amerika ya Kusini, yaani katika vipande vya bara kuu la kale la Gondwana. Madagascar ilijitenga na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, ikiwa bado imeshikamana na India, na iliachana na India yapata miaka milioni 88 iliyopita. Kwa hiyo mnyama huyu, ingawa yuko umbali wa safari fupi ya ndege kutoka Dar es Salaam au Moroni, hana ndugu wa karibu upande wa Afrika.

Hata jina lake lina historia ya namna hiyo. Kwa Kimalagasi anaitwa orana, neno lenye asili moja na udang la Kimalei, nalo lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na mababu wa Wamalagasi. Ng'ombe, mbwa na kuku wa kisiwani wana majina yaliyotoka pwani ya Afrika Mashariki: omby, amboa, akoho. Wanyama wa kufugwa walifika na majina yao kutoka ng'ambo hii. Orana alikuwepo tayari mtoni, akapewa jina la Asia.

Spishi saba, zote za kisiwa kimoja

Jenasi ya kamba hawa inaitwa Astacoides, na haipatikani popote duniani isipokuwa Madagascar. Ilielezwa kisayansi tangu miaka ya 1830, lakini kazi ya kutenganisha spishi zake iliwekwa sawa na mtaalamu wa Marekani Horton Hobbs mwaka 1987. Spishi ya saba ilielezwa mwaka 2005 na timu iliyowajumuisha wanasayansi wa Madagascar, ikapewa jina la Hobbs mwenyewe: Astacoides hobbsi.

Spishi hizo hazilingani kwa tabia. Astacoides granulimanus, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, ni wa vijito vya msituni. Astacoides betsileoensis ana umbo kubwa zaidi, jambo linalomfanya atafutwe sana na wavuvi, naye ameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Astacoides crosnieri huchimba mashimo kwenye vinamasi, na kinamasi cha nyanda za juu ndicho hasa mkulima wa Kimalagasi anachokitamani, kwa kuwa kikitolewa maji na kusawazishwa hugeuka jaruba la mpunga. Kwa spishi kadhaa nyingine taarifa ni chache mno.

Hali hii si ya Madagascar peke yake. Tathmini ya dunia iliyohusu spishi 590 za kamba wa mtoni, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya spishi hizo, asilimia 32, zimo hatarini kutoweka. Ni kiwango cha juu kuliko kile cha ndege au mamalia, ingawa ni nadra kwa kamba kupata nafasi kwenye bango la hifadhi. Madagascar inajulikana kwa komba wake wakubwa, na ni vigumu kushindana na mnyama mwenye macho ya duara na mkia wa manyoya.

Kwa nini mwendo wa taratibu ni udhaifu

Kiini cha utafiti ni swali ambalo kila mvuvi angeliuliza: je, wanaovuliwa wanarudi upesi kiasi gani?

Kamba wa msituni hukua polepole sana. Maji ya nyanda za juu ni baridi, na chakula chake kikubwa ni majani yaliyooza na viumbe wadogo waliomo ndani yake, chakula kisichonenepesha upesi. Ili aongezeke urefu hana budi kujivua gamba, kujificha akiwa laini, na kungoja gamba jipya likauke. Inapita miaka kadhaa kabla ya jike kuwa na uwezo wa kuzaa. Akishafikia hapo, hutaga mayai na kuyabeba chini ya mkia wake, yakiwa yamenata kwenye vijiguu vidogo vya tumbo. Watoto wakianguliwa hawaogelei kwenda zao kama wafanyavyo vifaranga wa kamba wa baharini. Hung'ang'ania mwili wa mama kwa kulabu ndogo zilizo kwenye miguu yao ya nyuma, na humwacha wanapokuwa tayari na umbo la mkubwa.

Malezi hayo yana faida na hasara. Faida ni kwamba watoto hawasombwi na mkondo. Hasara ni kwamba hawatawanyiki mbali. Kijito kilichomalizwa kamba hakijazwi na mawimbi ya vifaranga kutoka mahali pengine. Hujazwa, kama kitajazwa, na wale wachache wanaotambaa kutoka sehemu za juu za mto ambako wavuvi hawafiki. Na jike anayevuliwa akiwa na mayai huondoka na uzao wake wote.

Kupata maarifa haya si kazi rahisi. Samaki wengi huwa na kijiwe sikioni chenye mistari ya umri, lakini kamba hutupa gamba lake zima kila anapokua, na pamoja nalo hutupa ushahidi wa miaka yake. Njia iliyobaki ni kumkamata, kumpima, kumtia alama ambayo haitatoka pamoja na gamba, kumrudisha mtoni na kumtafuta tena miezi au miaka baadaye. Kazi ya namna hiyo ilifanywa kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ranomafana na timu ya Julia Jones wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, akishirikiana na watafiti wa Madagascar, akiwemo Olga Ravoahangimalala wa Chuo Kikuu cha Antananarivo.

Ranomafana: mvuvi si mshitakiwa wa kwanza

Ranomafana, jina lenye maana ya maji ya moto, ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1991, na tangu mwaka 2007 ni sehemu ya misitu ya mvua ya Atsinanana iliyomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kando yake wanaishi Watanala, ambao jina lao lenyewe humaanisha watu wa msituni, na Wabetsileo, wakulima hodari wa mpunga. Katika baadhi ya vijiji, kamba ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo familia inaweza kuvigeuza kuwa fedha taslimu katika miezi ya njaa kabla ya mavuno.

Dhana iliyokuwepo ni ile ya kawaida: wanakijiji wanavua, kamba wanapungua, kwa hiyo wanakijiji wazuiwe. Watafiti walikwenda kuipima. Walilinganisha vijito vinavyovuliwa sana na vile visivyovuliwa, walipima ukubwa na wingi wa kamba, na waliwauliza wavuvi wanapata nini na wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 hayakuunga mkono dhana hiyo moja kwa moja. Yalielekea kuonyesha kwamba uvunaji wa Astacoides granulimanus katika eneo hilo ungeweza kudumu, ilimradi msitu ubaki. Wavuvi huvua zaidi karibu na vijiji, na vijito vya mbali hubaki kuwa hazina. Tena, kwa kuwa kamba huyu anategemea msitu, kipato kinachotokana naye kinampa mwanakijiji sababu ya kuutaka msitu usimame. Kumpiga marufuku mvuvi kunaweza kuiondoa sababu hiyo.

Hitimisho hilo halimhusu kila kamba. Spishi yenye umbo kubwa, inayokawia zaidi na kutafutwa zaidi, haiwezi kubeba mzigo uleule.

Jambo jingine lililopimwa ni kama maneno ya wanakijiji yanaaminika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majibu ya watu kwenye mahojiano kuhusu kiasi wanachovuna msituni yalilinganishwa na kumbukumbu zilizoandikwa kila siku. Swali linaonekana dogo, lakini kwa nchi isiyo na fedha za kuweka mtaalamu kwenye kila kijito, kujua ni lini mahojiano yanatosha ni sawa na kujua kama ufuatiliaji unawezekana kabisa.

Mwaka huohuo ulitolewa utafiti kuhusu fady, yaani miko, katika vijiji viwili ukingoni mwa msitu. Fady ni jambo zito Madagascar. Ni neno la mababu, na anayelivunja hakosei serikali bali anakosea ukoo. Watafiti walikuta miko inayokataza kula wanyama fulani walio hatarini, kama vile sifaka wa Milne-Edwards, na mingine isiyokataza kula bali inakataza kuuza, kama ilivyo kwa tenreki, mnyama mdogo mwenye miiba. Mipango ya hifadhi iliyoandikwa ofisini mara nyingi haina habari na sheria hizi, ambazo zilikuwepo kabla ya ofisi.

Msitu ukiondoka

Kivuli cha miti huweka maji yakiwa baridi. Majani yanayodondoka ndiyo chakula. Mizizi hushika udongo usiingie mtoni na kuziba nafasi kati ya mawe, ambazo kwa kamba ndizo nyumba. Msitu ukifyekwa na kuchomwa kwa ajili ya mpunga wa milimani, kilimo kinachoitwa tavy, vyote vitatu huondoka kwa msimu mmoja. Mvuvi huchukua kamba mmoja mmoja. Moto huchukua kijito kizima.

Serikali ya Madagascar ilipitisha mwaka 1996 sheria inayowezesha usimamizi wa misitu na rasilimali nyingine kukabidhiwa kwa jumuiya za vijiji kwa mkataba. Kwa mnyama kama kamba, mkataba wa namna hiyo unaweza kuwa na maana kuliko uzio, kwa sababu anayejua kijito kipi kimechoka ni yule anayekivua. Lakini mkataba unahitaji kusimamiwa, na vijiji vingi viko mbali na barabara, mbali na ofisi ya wilaya na mbali na soko linaloweza kulipa bei nzuri.

Foza orana

Katikati ya miaka ya 2000, katika masoko ya jiji la Antananarivo, wateja walianza kuona kamba wa aina mpya. Alikuwa mdogo, mwenye madoa yanayofanana na jiwe la marumaru, naye aliuzwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Watu walimwita foza orana, yaani kaa-kamba, kana kwamba hawakuwa na hakika aingie kundi gani.

Asili yake ni ya ajabu kuliko jina lake. Kamba marumaru, ambaye wanasayansi sasa wanamwita Procambarus virginalis, alianza kujulikana Ujerumani katika miaka ya 1990 miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Wafugaji hao waligundua kwamba kamba mmoja aliyewekwa peke yake kwenye tangi la kioo alikuwa akijaza tangi hilo kwa watoto. Mwaka 2003 ilithibitishwa kisayansi kwamba wote ni majike, na kwamba huzaa bila dume. Kila mtoto ni nakala ya mama yake. Wazazi wa asili wa spishi hii ni kamba wa kusini-mashariki mwa Marekani, lakini yeye ana seti tatu za kromosomu badala ya mbili za kawaida, dalili ya ajali ya uzazi iliyotokea mara moja na kumzaa jike ambaye wote waliopo leo duniani wametokana naye.

Weka sifa hizo kando ya zile za orana wa msituni, na hatari inajieleza. Mmoja hungoja miaka kabla ya kuzaa. Mwingine hupevuka kwa miezi. Mmoja anahitaji maji baridi ya kivulini. Mwingine huishi kwenye majaruba, mifereji, maziwa na mito iliyo wazi. Jike mkubwa wa kamba marumaru anaweza kubeba mayai mamia kadhaa kwa mara moja, na halazimiki kumtafuta mwenza. Mnyama mmoja aliyeponyoka ndooni anatosha kuanzisha kizazi.

Timu ya Kijerumani na Kimalagasi iliyochapisha mpangilio kamili wa jeni zake mwaka 2018, ikiongozwa na Frank Lyko wa kituo cha utafiti wa saratani cha Heidelberg, ilikadiria kwamba eneo alilolienea kisiwani Madagascar liliongezeka takriban mara 100 kati ya mwaka 2007 na 2017, kutoka kilomita za mraba zipatazo 1,000 hadi zaidi ya 100,000. Kwamba kituo cha saratani ndicho kilichomfuatilia kamba si kosa la uandishi: mnyama anayejinakili bila kikomo, huku nakala zake zikibadilika kidogo kidogo, anawavutia wanaochunguza uvimbe unaofanya vivyo hivyo.

Aliyemsambaza si maji peke yake. Kamba aliyekufa huoza upesi, hivyo wachuuzi humsafirisha akiwa hai, kwa kikapu, kwa baiskeli, kwa gari la abiria. Wengine humtia kwenye bwawa la nyumbani ili awe akiba.

Hofu ya wahifadhi ina pande mbili. Ya kwanza ni ushindani wa chakula na maficho. Ya pili ni ugonjwa. Kamba wa jamii ya Amerika ya Kaskazini wanaweza kubeba vimelea vya tauni ya kamba, ambavyo wao wenyewe huvivumilia lakini huangamiza kamba wa mabara mengine. Ulaya iliionja tauni hiyo kuanzia karibu mwaka 1860 ilipozuka Italia, na mito mingi ikabaki mitupu. Majaribio ya zamani kwa kamba wa Australia, ambao ni jamaa wa wale wa Madagascar, yalionyesha kwamba familia hiyo ya kusini nayo haina kinga ya kutosha. Ikiwa vimelea hivyo vitafika kwenye vijito vya msituni, idadi ya hifadhi zilizotangazwa haitakuwa na maana kubwa.

Umoja wa Ulaya ulimweka kamba marumaru kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016. Kumfuga na kumuuza humo ni marufuku. Kwa Madagascar jambo si jepesi hivyo, maana huyu mvamizi ni protini inayopatikana bila leseni na bila mtumbwi. Watafiti wa Madagascar, akiwemo Ranja Andriantsoa, wamewahoji wanaomla, wanaomuuza na wanaomlaumu. Wapo wanaomshukuru kwa kitoweo na kipato. Wapo wakulima wa mpunga na wavuvi wa samaki wanaosema anawaharibia. Kuna pia pendekezo linaloendelea kuchunguzwa, kwamba kwa kuwa anakula konokono wa majini, huenda akapunguza kichocho, ugonjwa unaowasumbua Wamalagasi wengi. Mama anayepika foza orana kwa chakula cha jioni hawezi kuambiwa tu kwamba anakula adui.

Somo lililo karibu

Afrika Mashariki ina uzoefu wake. Mwaka 1970 kamba mwekundu wa Marekani, Procambarus clarkii, aliingizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya kwa ajili ya uvuvi. Alizaana, akavuliwa kibiashara, na kwa muda aliuzwa hadi Ulaya. Lakini mimea iliyozama ndani ya ziwa ilipungua vibaya katika miaka iliyofuata, na watafiti walimhesabu kamba huyo miongoni mwa visababishi vikuu. Hadi leo hajaondolewa. Tofauti ni kwamba Naivasha hakukuwa na kamba asilia wa kupoteza.

Huko Madagascar, njia zinazotajwa na wataalamu ni za kawaida na zinahitaji subira: kuwazoeza wavuvi kuwarudisha mtoni majike wenye mayai na kamba wadogo, kulinda vijito vya juu visivyovuliwa, kuzuia usafirishaji wa foza orana akiwa hai kuelekea maeneo ya msitu, na kuwafundisha wachuuzi kutofautisha kamba mmoja na mwingine. Hilo la mwisho linaanzia kwenye kikapu. Sokoni wote wawili wanaweza kuitwa orana. Mwenye madoa ya marumaru na magando membamba ametoka jarubani au mferejini. Yule mwenye gamba gumu la kukwaruza na magando mapana ametoka msituni, na huenda amechukua miaka mingi kufikia ukubwa wa kiganja.